Maji ya Pipa la Bluu

Maganzo, 14 Septemba

Kaka Majaliwa,

Shikamoo. Natumaini askari wa gereza watakufikishia barua hii mapema. Huku ni kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwenye unga.

Katika barua zako zote tatu umeuliza kuhusu tangi lako la samaki wa baharini. Nalipima kila asubuhi kama ulivyonifundisha. Joto linapunguza maji lakini chumvi inabaki, kwa hiyo nilikuwa naongeza maji ya mvua kutoka pipa la bluu. Kipimo cha chumvi kilikaa thelathini na tano miezi minne mizima.

Wiki mbili hizi nimeongeza maji ya kisima, ambayo yana magadi, na vipimo vyote vimevurugika. Matumbawe yalianza kuwa meupe, na jana yale ya mwisho yalikufa. Samaki amebaki mmoja, naye analala ubavu.

Najua utafoka. Uliniapisha pipa lile lisiguswe hata tukifa kiu. Halikuguswa kwa kiu, kaka. Bomba lilikauka siku tisa, na wanawake waliokuja kumwosha mama hawakupata maji mengine yasiyo na magadi. Mfuniko niliufungua mimi mwenyewe.

Alikuulizia mpaka asubuhi ile. Wewe, katika barua tatu, hukumtaja hata mara moja. Nilimdanganya kuwa unamsalimia.

Maji yaliyobaki wanaume waliyabeba kwenye ndoo, wakayamwaga juu ya kaburi lake. Pipa sasa ni tupu.

Mdogo wako,
Safiya