Kadi Niliyoikuta Ndani

Khwisero,
9 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi ni mzima. Kukhu, mama yako, pia ni mzima, ila magoti yamemkataza kwenda sokoni, na sasa kufika choo cha nje ni mpaka nimshike mkono. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Ile sweta ilikufikia?

Baba, nimepata kazi. Kuna msanifu majengo wa Kisumu, anaitwa Tracy, ananitumia ramani za nyumba nami nazichora kwa kompyuta, mpaka mteja aone sebule yake kama vile amesimama ndani. Amenipa majaribio mpaka mwisho wa Juni. Tangu duka lako la Kakamega lifungwe na mimi nirudi huku kumtunza Kukhu, hii ndiyo kazi ya kwanza iliyonifuata hapa nilipo. Siwezi kumwacha hata kwa siku moja.

Shida ni kompyuta. Picha moja inachukua asubuhi hadi jioni, kisha mashine inajizima. Tracy anasema kadi ya grafiki ndiyo dhaifu. Mimi nimeshangaa, kwa sababu hii ni ile kompyuta ya gemu aliyoniletea Shangazi Nabwire nilipomaliza kidato cha nne, na alisema ina nguvu sana. Nifanye nini? Wewe ndiye fundi.

Kukhu anakusalimu. Kila Jumapili bado anasimama kanisani na kuomba Wandera, yule kijana wako wa dukani, akiri wizi ule, ili wewe mwanawe usiye na hatia uachiliwe. Mama yake Wandera amehamia benchi la nyuma kabisa.

Binti yako,
Shantel

Gerezani,
2 Machi 2025

Mwanangu Shantel,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Kifua kimepoa. Sweta ilifika, naivaa hata mchana. Mwambie Mama namshukuru kwa maombi, na ajipake ile dawa ya magoti bila kukosa.

Hongera kwa kazi. Kuhusu kompyuta, nakushauri usiifungue. Hizi zinazouzwa zikiwa zimeshaungwa kiwandani si kama zile tulizokuwa tukiunga dukani. Kila kitu ndani kimebanana, na ukikosea skrubu moja umeharibu yote. Tena programu za siku hizi ni nzito, hata kompyuta nzuri huchoka. Punguza ukubwa wa picha. Ifute vumbi kwa nje. Mengine yangoje nitoke, ni mwaka mmoja na nusu tu.

Tafadhali nisikilize katika hili.

Baba yako,
Osundwa

Khwisero,
16 Machi 2025

Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nimeifungua. Nilipunguza picha mpaka Tracy akauliza kama nachora kwa simu. Basi Jumatano Kukhu alipolala mchana nikachukua bisibisi, nikagusa chuma kwanza kama nilivyokuona ukifanya, nikatoa kifuniko cha ubavuni.

Stika ya nje inasema kadi ina gigabaiti nane. Ndani nimekuta kadi kuukuu ya gigabaiti mbili. Skrubu yake haifanani na zile nyingine, na kichwa chake kimechunika. Nilimpigia Shangazi. Anasema iliuzwa ikiwa imefungwa kwa utepe wa kiwandani, na hakuna mtu aliyeigusa kabla ya kunifikia.

Tangu inifikie, imetoka mikononi mwangu mara moja tu. Ulisema unaisafisha. Ilikaa dukani kwako siku mbili. Iliporudi gemu zikaanza kukwama, nikakuuliza, ukaniambia gemu za siku hizi ni nzito. Nilikuamini, Baba. Nikaacha kucheza.

Niambie kadi yangu iko wapi.

Shantel

Khwisero,
18 Mei 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Miezi miwili sijapata jibu. Kwanza nilidhani barua imepotea. Sasa nadhani iko mfukoni mwako.

Nilikwenda kwa Sylvia, yule fundi wa Kakamega uliyekuwa ukimwita mshindani wako. Jirani alikaa na Kukhu kwa saa nne. Sylvia aliniazima kadi nzuri niijaribu. Haikukubali. Pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani, haina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Nikasema basi nitaibadilisha hiyo pawa saplai, kumbe plagi yake ni ya kampuni hiyo peke yake, hakuna nyingine inayoingia kwenye ule ubao mkuu. Nilikaa sakafuni mbele ya lile sanduku nikacheka, halafu nikalia. Kila upande ninaogeukia umefungwa.

Na usiku na mchana niko hapa na Kukhu, naitikia amina kwa maombi ambayo sijui tena kama ni ya kweli. Juzi mama yake Wandera alimsalimu njiani. Kukhu akageuza uso, nami nilikuwa nimemshika mkono.

Baba, kompyuta za shule zilipokutwa hazina vipuri vyake, ni Wandera kweli?

Shantel

Gerezani,
8 Juni 2025

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa mfukoni, ni kweli. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati.

Kadi yako niliitoa mimi. Mwalimu Andati alileta kompyuta yake, nikaiunguza kadi yake kwa uzembe wangu. Niliona aibu kumwambia. Mashine yako ilikuwa mezani, kadi ilifanana, nikahamisha. Nilijiambia nitairudisha mwezi ujao. Ilikuwa rahisi mno, Shantel. Hakuna aliyejua. Basi mara ya pili sikuogopa.

Za shule pia ni mimi. Wandera alikuwa mfanyakazi wangu tu, hakujua lolote. Mahakamani nilimtaja nikidhani watagawanya lawama. Hakimu hakunisikiliza, lakini Mama alinisikiliza, nami nikamwacha aamini. Hapa ndani kuna ukuta na lango na saa ya kulala, nimevizoea. Maombi ya Mama ndiyo siwezi kuyazoea.

Sasa kompyuta. Usilazimishe chochote. Mwombe Sylvia kadi fupi, ya ile aina inayokula umeme kutoka kwenye tundu inamochomekwa, isiyohitaji waya, kama ilivyokuwa ile yako. Ipo ya gigabaiti sita. Haitafikia ile yako, lakini kazi utafanya. Kabla ya kuitoa ya zamani, bonyeza kibano kidogo mwisho wa tundu, watu wengi hukivunja. Shika kadi kwa kingo. Isukume mpaka usikie mlio.

Ukurasa wa pili ni wa Mama. Msomee wote, usiruke neno. Najua nakutwika mzigo ambao ni wangu. Ningekuwa na miguu ya kutoka hapa ningekuja kumwambia mwenyewe.

Baba yako,
Osundwa

Khwisero,
6 Julai 2025

Baba,

Salamu. Mimi ni mzima.

Kadi imeingia. Mlio niliusikia. Picha ya siku nzima sasa ni ya dakika arobaini, na Tracy amenipa nyumba tatu nyingine. Nilimweleza Sylvia kila kitu. Akasema hajawahi kuona mtu akikuzidi kwa mikono.

Ule ukurasa nilimsomea Kukhu Alhamisi baada ya chai. Nilipofika kwa Wandera nilitaka kuruka, sikuruka. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Hakula mchana, hakula jioni, na nilipomsongea obusuma, ugali anaoupenda, akaufunika kwa sahani.

Asubuhi alinitaka nimpeleke kwa mama yake Wandera. Ni mwendo wa dakika kumi. Sisi tulitumia saa nzima. Walizungumza ndani, mimi nikabaki uani. Sijui walisema nini. Walipotoka, mama yake Wandera ndiye aliyekuwa amemshika mkono, akatusindikiza hadi barabarani. Hakuniangalia.

Mimi sitakuja kukuona bado. Nitaandika, lakini kuja sijaweza.

Nilimuuliza Kukhu nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwandikie naenda kumwona."

Nikamwambia ni safari ndefu kwa magoti yake, na kwamba kule hawaruhusu mtu aingie na kuku wa kupika wala kitu chochote mkononi.

"Sijasema naenda na kuku," akaniambia. "Nimesema naenda."

Shangazi Nabwire atamleta Jumamosi.

Binti yako,
Shantel