Mkoba wa Ramani wa Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Hujambo, daftari langu? Mgongo umepona baada ya ile gundi? Mimi mzima, Mungu ni mwema.

Mama mkwe kaniletea kibandani mkoba wa ramani wa marehemu baba mkwe. Ngozi ya kahawia, vijifuko vya penseli, kidirisha cha plastiki kimegeuka rangi ya chai. Jumapili tunamwombea marehemu, na mkoba utatundikwa ukutani na kikaratasi: ofisa wa jeshi, mwaka fulani. Mwaka niutafute mimi — fundi viatu! Shemeji, kitindamimba wake, anacheka. Eti baba alikuwa dereva tu, mkoba kaununua mnadani baada ya kustaafu.

Jumanne, 7 Mei
Nimeukagua kwa miwani na tochi. Vifungo vya shaba. Zipu hakuna. Dalili nzuri! Halafu mshono — nailoni! Mikoba ya zamani ilishonwa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Basi huu ni wa juzijuzi. Nikaropoka kwa shemeji. Kapiga makofi! Kufikia saa kumi ukoo mzima unajua. Mama mkwe kajifunga kitambaa chake upya, kaondoka.

Jumatano, 8 Mei
Ee Mola, nisamehe! Lile fundo la mwisho, la kuzungusha mara mbili — nani hufunga hivyo? Mimi! Niliushona upya mwaka nilioolewa, nikijipendekeza kwa wakwe. Nimepima umri wa mkoba kwa mkono wangu mwenyewe! Pembeni yapo matundu ya zamani, membamba, na kiuzi cha kitani kimenasa. Nikampigia shemeji. Anasema fundi sasa kawa wakili wa mama.

Ijumaa, 10 Mei
Chini ya mfuniko, pale wanapogonga muhuri wa mwaka na mwenye mkoba huandika jina lake, pana kiraka. Hiki si changu. Mishono mikubwa, imepinda, ya mtu asiyezoea sindano. Kwa kidole nahisi herufi chini yake — jina la baba, au la mtu mwingine?

Shemeji kaja, kakalia kigoda cha wateja. "Fumua, shemeji, fumua tuone!"

Nikashika wembe. Mama mkwe huyo mlangoni! Hakumtazama mwanawe. Kaweka kidole juu ya kiraka.

"Hapa usifumue, mwanangu. Nilipashona mimi."

Shemeji kasogea, kampisha mama. Wamekaa wote wawili, wananitazama. Najifanya natafuta vipimo humu ndani yako. Jumapili ni keshokutwa, kikaratasi bado kitupu. Uongo siwezi, na mama ni mama. Niandike nini? Daftari langu, tafadhali, nijibu upesi.