Kufuli la Nje

Jumamosi, jioni. Baridi, na upepo kutoka Mlima Kwaraa unatikisa bati la jikoni.

Sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja mpaka kidato cha nne. Kaka yangu hana taifodi. Tumemfungia chumbani tangu juzi, kufuli liko nje, na ufunguo ninao mimi.

Hapa mtandaoni nitamwita Ima. Ni fundi ujenzi, au alikuwa. Anakunywa gongo kila siku, na asipoipata asubuhi hawezi hata kushika kijiko. Mama amewaambia majirani wote kwamba ni taifodi. Nimesikia taifodi hiyo ikitajwa mara nyingi hadi kuna wakati najikuta nakaribia kuiamini.

Mama hakumfungia kwa ukatili. Alikuwa analia alipokuwa akibana kufuli. "Akiikosa siku chache tu, mwili utasahau," aliniambia. Kisha akaniachia ufunguo, akaenda sokoni kuuza maharage. Mimi sina shule, sina kazi, kwa hiyo niko nyumbani. Nikienda bombani narudi mbio. Nikifua, nafulia karibu na dirisha lake ili nimsikie.

Nina jambo jingine linaloniumiza zaidi.

Mwezi huu mwenyekiti wa mtaa alichagua vijana tuliomaliza shule tuongozane na nesi nyumba kwa nyumba, kuzungumza na watu kuhusu pombe haramu na dawa za kulevya. Alinichagua, akasema nina adabu. Mimi huongea nikitazama vidole vyangu vya miguu, lakini naongea. Nesi alitufundisha kwamba mtu aliyezoea kunywa kila siku asikatishwe ghafla wala asifungiwe ndani, kwa kuwa anaweza kupata degedege na hata kufa. Apelekwe hospitali, wanajua namna ya kumsaidia kuacha. Maneno hayo niliyasema mwenyewe kwenye nyumba moja kule Bagara. Mama mwenye nyumba alinishukuru, akanipa parachichi.

Nilipofika kwetu nikamwambia Mama vilevile. Halafu akasema, "Ukimpeleka, wataandika jina lake, na Babati nzima itajua. Na wewe unayefundisha wenzako, utapita wapi?"

Nilimpa parachichi.

Leo jumuiya yetu ya kanisa imesali kwetu. Zamu yetu ilikuwa imepita mara kadhaa, Mama akiomba wengine watupokee, safari hii akakosa sababu. Alitundika khanga mlangoni kwa Ima ili kufuli lisionekane. Wamekuja na sukari na sabuni za mgonjwa. Nilizipokea kwa mikono miwili, na sikuweza kumtazama mtu.

Tulipofika kwenye litania, tukaanza kuitikia "Utuombee." Mara sauti ya kiume ikaitikia nasi kutoka nyuma ya khanga. Ilikuwa inatetemeka, lakini haikuruka hata sehemu moja. Ima alikuwa mtumikia altare utotoni, anajua yote.

Mama alifumba macho. Sala ilipoisha, Bibi Agnes akapiga makofi.

"Mgonjwa wetu anasali. Haya, tuingie tumsalimie."

"Amelala, Bibi," Mama akasema.

"Analala huku anaitikia? Mama Ima, huyo mfanye mwalimu wa kwaya." Watu wakacheka. "Na taifodi gani hii isiyotaka wageni? Yangu ilitaka wageni, na ilitaka supu."

"Daktari amekataza."

Mama Paskalina, kiongozi wa jumuiya, hakucheka. Alisema taratibu, "Mama Ima, kama kuna jambo jingine tuambie. Hatukuja kuimba tu. Mwanangu mimi nilimficha mpaka nikachoka."

"Hakuna. Ni taifodi tu, dada yangu."

Mama Paskalina akanitazama mimi. Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikauliza nani anaongezewa chai.

Najichukia kwa chai ile.

Walipoondoka, Mama akatoka kuwasindikiza. Kwake kusindikiza ni mpaka barabarani na mazungumzo juu. Nikafungua mlango.

Ima alikuwa amekaa kitandani, shati limelowa jasho na baridi hii yote. Mikono yake ilikuwa inacheza magotini kama si yake.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Bibi Agnes bado anaimba kama mbuzi."

Tukacheka kidogo. Halafu akasema, "Lena, moyo unakwenda mbio tangu asubuhi. Naogopa. Nimeitikia kwa nguvu nikidhani mmoja wao atafungua."

Na mimi nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka mlangoni, nimeshika birika.

Nimempigia mtu wa bajaji. Nimemwambia hospitali, sikumwambia zaidi. Nimempigia pia nesi, hakupokea, lakini tunakwenda hivyo hivyo. Ima anavaa viatu sasa hivi. Kamba zinamshinda na hataki nimsaidie, kwa hiyo naandika, maana nikiacha kuandika nitaanza kumfikiria Mama na nitarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Sijui kama atanisamehe. Akirudi atakuta chumba kitupu, na atadhani Ima ametoroka kwenda kunywa. Atakimbia kwenye vilabu vyote vya Nakwa kumtafuta, yeye ambaye hajawahi kuingia hata kimoja. Hilo linaniuma kuliko hasira zake. Nitampigia tukishafika, Ima akishapokelewa, wakati hawezi tena kuturudisha.

Nasikia bajaji.

Wewe unayesoma, kama ni mtu wa huku na umetutambua, nakuomba. Mama yuko barabarani, amevaa sweta la bluu, anaagana na watu wa jumuiya. Ukikutana naye msalimie tu, mpite. Usimwambie lolote. Acha alisikie kwangu.