Nilisema ni Mgeni

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Sijawahi kumwambia mtu: sitaki kuolewa na mwanamume. Nataka kuishi kama Bibi Bhoke na Robi, majirani zetu. Basi, nimeandika.

Likizo. Nimechota maji, nimesaga unga wa wimbi, nimejifungia jikoni na daftari. Shuleni kila kitu Kiingereza. Hili daftari naliandika kwa Kiswahili, mama hakisomi.

Muhula uliopita nilimweleza Neema, tunayekaa naye dawati moja, yeye kwao Dodoma. Nikamwambia kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, watoto wanakuwa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Alicheka mpaka machozi. "Mke wa mwanamke! Nyie Wakurya nyie!" Nikacheka naye. Halafu nikaenda chooni kulia. Neema ndiye ninayemwaza nikiamka.

Sikumwambia lililobaki. Bibi Bhoke alimwoa Robi hivyo. Robi alizaa mtoto mmoja, mtoto akafa. Hakuja mwingine. Shemeji zake Bibi Bhoke wakasema mrudishe huyo kwao, ng'ombe warudi. Akakataa. Watu wanaita ukaidi. Mimi nimemwona akimwosha Robi miguu baada ya palizi, kidole kimoja kimoja. Ule si ukaidi.

Alhamisi, 8 Agosti

Karani amekuja kuandika kaya zitakazohamia kijiji kipya. Kijana wa mbali, viatu vyeupe kwa vumbi. Balozi wa nyumba kumi akaniita nimtafsirie maneno ya wazee.

Kwa Bibi Bhoke. Robi alikuwa shambani. Bibi akaniambia, "Mwambie mwanangu huyu aandike vizuri, mwandiko wake kama kuku kaparura." Akataja jina lake, akataja la Robi, akasema kwa Kikurya ni mke wangu. Mara mbuzi wakaingia kwenye wimbi lililoanikwa, akanyanyuka kuwafukuza.

Karani: "Huyo Robi ni nani wake?"

Nilimwona anajiandaa kucheka. Nikasikia kichwani kicheko cha Neema. Nikaona akimaliza kucheka ataniangalia mimi, atajua.

Nikasema, "Ni mgeni."

Akaandika.

Mtu mwingine yeyote wa hapa angesema "mke wake" bila kupepesa macho. Mtoto wa darasa la pili angesema. Mimi tu ndiye niliyeona aibu, kwa sababu ya siri yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Sijala. Mama anadhani ni malaria.

Jumatano, 14 Agosti

Balozi amesoma orodha. Wageni wote watarudishwa kwao wakahesabiwe huko. Robi kwa kaka yake, Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara.

Bibi Bhoke alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Balozi akamwambia, "Mama, mimi najua ni mke wako. Karatasi haijui."

Nilikimbia ofisini Tarime kwa miguu. Nikaambiwa orodha imeshapelekwa mkoani, binti, nenda kasome. Nilitaka kusema ni mimi niliyekosea. Nikasema asante. Najichukia.

Jumatatu, 19 Agosti

Lori limekuja. Kaka yake Robi naye amekuja, anacheka meno yote nje. Serikali yenyewe imeandika si mke, anasema. Ana mwanamume wa kumpa.

Robi alikuwa na kibuyu na kanga mbili. Bibi Bhoke hakutoka ndani.

Robi akanivuta pembeni. Alisoma kisomo cha watu wazima, Kiswahili anakijua. "Karani hakuota lile neno. Ulisema wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilingoja anipige. Akaniangalia usoni. Nadhani aliona yote. Akasema, "Usimwambie Bibi. Atakuchukia, na wewe ndiye utakayemchotea maji."

Akapanda.

Jumapili, 25 Agosti

Kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Upepo mwingi, miti hakuna.

Bibi Bhoke amepewa kiwanja kando ya chetu. Kila asubuhi nampelekea maji, ananibariki. Jana nilimtandikia ngozi. Alilala amejibana ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Anamlaani karani. Anasema mtoto yule alipewa kalamu bila akili. Mimi nasimama na ndoo.

Amesema leo baada ya kanisa atakuja nimwandikie Robi barua.

Nasikia fimbo yake njiani. Siku zote nikisikia hatua nasukuma daftari chini ya gunia.

Leo nimeliacha mezani, wazi. Kusoma hajui. Nitamsomea mimi, kwa Kikurya, kuanzia mstari wa kwanza.

Amefika mlangoni.