Utani wa Kumlisha Bibi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na mvua zimeshika huko Nzega, au mnaendelea kutazama mawingu? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Naweza kufagia ua mara mbili asubuhi moja bila kujua nimeanzia wapi.

Umeuliza kama nitakuja kwenye harusi ya mdogo wangu Kabula. Nataka mno, mama. Ngoja nikueleze kinachonikwamisha.

Yule bibi ninayemtunza hapa Mbagala, ugonjwa wa kusahau umemzidi. Hata mwanawe hamtambui. Tonge analiweka shavuni, anasahau kumeza. Kumwogesha ni vita, anadhani namvua nguo nimwibie. Siku moja nilichoka, nikamtania kwamba Wazaramo maji hawayawezi, wanachoweza ni ngoma. Akanikazia macho, akaniita mpagazi, akaniuliza mzigo wa watu nimeutua wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akakubali kuoga! Utani wao na sisi Wanyamwezi haujamtoka. Tangu hapo tunatukanana kuanzia uji wa asubuhi mpaka bafuni, na anakula vizuri.

Juzijuzi Mama Aisha, mke wa mwanawe, mtu wa Same asiyeuzoea utani huu, alirudi mapema kutoka kazini akanikuta nasema, "Meza basi, ufe umeshiba, sie watani tuje tule pilau." Alinifoka sana, eti namtakia mama mkwe wake kifo. Nikajieleza, wapi! Akanipiga marufuku kutania. Nikawa nambembeleza kwa adabu zote, na bibi akafunga mdomo. Mama Aisha akachukua kijiko mwenyewe, akatemewa uji kifuani. Bibi alianza kulegea, nami nikakosa raha kabisa.

Jana Mama Aisha alinikabidhi bakuli, machozi yanamlengalenga. "Haya, mtanie. Mie mkwe, siwezi hata kuyasikia. Nakaa nje." Akatoka uani, na bibi akala ubwabwa wote huku akinitukana mimi na ukoo wetu.

Jioni nikaomba ruhusa ya harusi. Hakunikatalia. Aliniuliza tu, "Ukienda, nani atamtukana?"

Nisalimie baba, shangazi mfinyanzi, na mjomba mwenye ng'ombe. Kabula mwambie nampenda, asinikasirikie kwanza. Na wewe mama, kama una la kumjibu huyu mwanamke, niambie.

Mwanao asiyetulia,
Nyamizi