Miaka Kumi Niliyompa Fulai

Jumatano, 11 Oktoba

...basi pale nilipoishia juzi, sufuria ikaniita, sikumaliza. Mama mkwe alikuwa kakaa kwenye kigoda chake jikoni, ananitazama ninavyokata tambi. Kimya. Mama akinyamaza ujue kuna jambo. Nikamwambia sema tu Mama, usije ukapasuka.

Akasema: "Gailian, nadhiri ya Fulai haijalipwa. Jumapili mwezi unaandama. Tunakwenda mlimani."

Nilicheka! Nilicheka mpaka kisu kikanipata kidole. Nadhiri ya Fulai! Fulai mwenyewe yuko wapi? Yuko uwanjani anacheza ngoma na Xiuqiao, yule mwanamke mwenye spika ya magurudumu.

Lakini Mama hana utani na mambo hayo. Miaka minne iliyopita mwanawe alipasuliwa tumbo, madaktari wakatikisa vichwa, wakatuambia tumpe anachopenda kula. Nikapanda treni peke yangu mpaka Mlima Wutai, nikampigia magoti Pusa, mtakatifu wa mahekalu ya huko. Fulai akainuka kitandani. Sasa ukiomba ukapewa, unarudi kushukuru. Usiporudi, ulichopewa kinachukuliwa. Hilo kila mtu analijua, hata mtoto. Tukawa tunaahirisha. Mara baridi. Mara ugonjwa ule wa dunia nzima, watu tumefungiwa ndani. Mara Fulai kaondoka.

Talaka hajanipa. Kachukua nguo zake na birika la umeme. Mama yake kaniachia mimi, kama mtu anavyosahau mwavuli kwa watu!

Mtaa mzima wananiita redio. Sawa, mimi ni redio. Mimba ya binti wa ghorofa ya pili niliitangaza kabla mama yake hajajua. Lakini kuna neno moja sijamwambia mtu. Mama anadhani nilimwahidi Pusa udi na mafuta ya taa za hekaluni.

Sikuahidi mafuta. Nilimkatia Fulai miaka kumi ya umri wangu. Nilisema: ipunguze kwangu, iongeze kwake.

Naam. Miaka yangu kumi iko uwanjani inacheza ngoma.

Nitakwenda. Ila siendi kushukuru. Nakwenda kudai changu.


Alhamisi, 12 Oktoba

Nimefunga mizigo. Mama kaweka chupa ya siki. Nikamwambia Mama, huko nako kuna siki. Akasema siki ya watu haina ladha. Mikate ya mvuke, mayai, sweta mbili. Jirani wa mlango wa pili kaniuliza, mnakwenda wapi? Nikasema kutalii! Kanitazama kwa huruma, mshenzi yule.


Ijumaa, 13 Oktoba

Tumo kwenye treni. Ya kijani, ya polepole, viti vigumu. Mama hataki ya kasi, anasema inaiacha roho yake nyuma.

Kituoni leo, vituko! Askari wa mzigo kaiona chupa ya siki. "Bibi, hiki nini?" Siki. "Onja nione." Basi Mama kaishika chupa kwa mikono miwili, kagugumia kama maji. Kisha kampa askari: "Na wewe onja." Foleni nzima ilikufa kwa kicheko.

Humu ndani ni vurugu ya kawaida. Yule wa kigari anapita: "Alizeti, njugu, bia, maji! Vuta miguu, vuta miguu!" Kila baada ya muda treni inasimama porini, haina hili wala lile, inangoja ya kasi ipite. Vuu! Imeshapita. Sisi bado tumekaa tunatazama mahindi yaliyovunwa. Mimi hapo nikajiona kabisa. Nimesimama pembeni wengine wapite.

Mkabala na mimi kakaa mama mmoja mnene wa Yuanping, anatafuna alizeti na kutema maganda kwenye mfuko. Macho yake nikayajua. Mwenzangu huyu! Nikamwanzia.

"Nina jirani yangu."

Akasogea mbele. "Ehee."

Nikamwaga yote. Jirani yangu, mumewe aliugua tumbo, akampelekea Pusa miaka yake kumi.

"Kumi!" mzee wa kiti cha pembeni akadakia, tambi zinaning'inia mdomoni. "Angempa miwili kwanza, ya majaribio!"

"Ikawaje?" yule mama.

"Akapona. Akanenepa. Akapaka nywele rangi. Akapata mwanamke."

Yule mama akatema ganda.

"Huyo jirani yako mjinga," akasema yule mama.

"Kweli eeh?"

"Mjinga wa kutupwa! Ningekuwa mimi, narudi kwa Pusa palepale. Nipe changu. Afe, tuone atacheza na nani!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, mpaka machozi. Mama alikuwa kalala, kichwa dirishani. Nilidhani kalala.


Jumamosi, 14 Oktoba

Tumefika mlimani. Baridi hii! Jana tulipolala pale mjini karibu na stesheni Mama hakunena. Leo kwenye basi la kupandia huku, hakunena. Nikamsimulia habari za binamu yake na ng'ombe kipofu aliyemnunua, habari ambayo humchekesha kila siku. Wapi.

Mchana tumekaa nyumba ya wageni, tambi za shayiri mbele yetu, moshi unafuka. Mama kafungua siki yake.

"Yule jirani yako wa kwenye treni. Anakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano, Mama."

"Sisi tunakaa ya tano."

"Ndiyo, Mama."

Akamimina siki. Akamimina, akamimina, bakuli likawa jeusi. Halafu akasema, "Mbona hukuniambia? Ningetoa yangu."

"Mama, ulikuwa na miaka sabini na saba. Ungetoa nini, chenji?"

Akaguna. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, meza ikatikisika, mwenye nyumba akaja kuchungulia kama tumelewa. Kisha Mama akaacha. Mimi nikaendelea kidogo peke yangu.

"Unataka ile miaka ikurudie," akasema.

"Ni yangu."

"Ni yako. Sikukatazi. Ulininyanyua chooni nilipoteguka nyonga, mwanangu hakuja hata kunitazama. Siwezi kukukataza kitu." Akapangusa mdomo. "Lakini nimemzaa mimi, Gailian."

Nikasogeza bakuli langu pembeni.

Kisha ndio kanipiga la pili. "Nimempigia simu. Kesho anakuja. Mwenye uhai ashukuru mwenyewe."

Nikamuuliza, peke yake? Mama kaanza kula tambi.

Jioni nimetembea kidogo. Kengele za mahekalu huku na kule, watawa wanapita na ndoo. Nikaiona ile ngazi ndefu niliyoipanda siku ile nikilia. Pale juu mtawa mmoja mzee alinifundisha la kusema. Alisema taja jina, taja mwaka wa kuzaliwa, taja anapokaa, maana Bai Fulai wako wengi, Pusa asije akapotea njia. Basi nikataja. Bai Fulai, mwaka wa farasi, Taiyuan, nyuma ya kiwanda cha nguo cha zamani, jengo la tatu, mlango wa kwanza, ghorofa ya tano. Nikarudia, nikahakikisha. Mlango wa kwanza, si wa pili, wa pili wanakaa wale wenye mbwa!

Nilisema yote. Nilisema aishi.

Sikusema aishi na nani.


Jumapili, 15 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye ngazi za mnara wa ngoma, uani mwa hekalu. Watu kama utitiri, mwezi umeandama, moshi wa udi unaumiza macho. Afadhali. Kila mtu anatoa machozi, hakuna anayeniuliza. Mama kashika foleni ya ukumbi mkubwa kwa Pusa. Kasema nikae, ataniita.

Wamekuja. Walichukua treni ya kasi mpaka Xinzhou, halafu gari. Labda ni ile iliyotupita! Najua si ile, ile ilikuwa Ijumaa. Lakini moyo unasema ndiyo ileile.

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nimepanga maneno. Nitamwambia hivi, nitamwambia vile, nywele zako zimepakwa lami. Kisha nikamwona anapanda ngazi, kashika ukuta.

Kakonda. Koti lile la kahawia, nililomnunulia mimi, linamning'inia. Nywele kweli zimepakwa rangi, lakini shingo! Shingo ya kuku. Xiuqiao nyuma yake, kabeba chupa ya maji ya moto na mto wa kukalia. Hana spika leo.

Fulai kaniona. "Umekuja," anasema. Miaka miwili, neno ndilo hilo. Umekuja! Upepo unavuma toka mlimani, kola yake iko wazi mpaka kifuani, na mimi mdomo huu, bila kuuliza ruhusa, nikapiga kelele uani pale mbele ya watawa na watalii:

"Funga kola!"

Akafunga. Haraka, kama zamani. Xiuqiao kaona. Mimi nimetamani ardhi ipasuke.

Fulai kaenda foleni kwa mama yake. Xiuqiao kabaki, anazungukazunguka, halafu kaja kusimama mbele yangu.

"Dada Gailian."

"Dada wa nani? Mama yako alinizaa lini?"

Hakuondoka. Siku zote nimemwona kwa mbali, chini ya taa za uwanjani, mdomo mwekundu, anahesabu hatua. Kwa karibu ni mtu mzima tu, ana mafua.

"Fulai hali chakula vizuri," akasema. "Tangu masika. Tambi anaacha nusu. Uji anautapika, anafungulia bomba nisisikie. Hospitali hataki."

"Unaniambia mimi ili nifanyeje? Mpikie uji laini."

"Nampikia."

"Weka viazi vikuu ndani, vya mviringo vile. Usiweke sukari." Nilijisikia nikisema! Nikauma ulimi.

Akachuchumaa mbele yangu, ngazi ya chini. Kasema Mama kamweleza kila kitu kwa simu jana, habari ya miaka kumi. Kamweleza mpaka maneno niliyotaja; Mama alinichokonoa jana jioni, nikamwambia. Ndipo akafikiri usiku mzima, akakumbuka jambo. "Dada, ulimtajia Pusa nyumba ya zamani."

"Ndiyo nyumba yake!"

"Hakai pale. Miaka inakwenda jengo la tatu, ghorofa ya tano. Yeye hayupo." Kaanza kulia, kamasi zinamtoka. "Inakwenda haimkuti."

Sikuweza kucheka. Mimi! Jambo la kuchekesha kuliko yote mwaka huu, mwanamke aliyeniibia mume anakuja kunilalamikia kuwa mzigo umepelekwa nyumba siyo, na mimi sikuweza.

Maana hata mimi nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo. Miaka miwili hii sijaugua hata mafua. Mama naye, na nyonga yake, anagugumia siki kama msichana. Nikajiuliza kimoyomoyo, uhai huu wote ndani ya nyumba yetu unatoka wapi?

"Mimi nimejaribu," anasema. "Nimewasha udi hekalu la chini tulipofika, nimetaja kwetu. Mtawa kasema aliyeweka nadhiri ndiye mwenye neno. Mimi si mtu hapo. Tafadhali, mwambie Pusa kahama."

Kahama! Kwa hiyo nipige magoti, mbele ya Pusa, mbele ya mama mkwe wangu, niseme kwa mdomo wangu: mume wangu hakai kwangu. Anakaa kwa huyu. Peleka huko. Redio ya mtaa mzima, habari hii moja nimeikalia miaka miwili, nasema kasafiri, nasema yuko kazini Datong, na nikaitangaze huko juu kuliko kote!

Nikamwambia: "Unajua nimekuja kufanya nini hapa? Nimekuja kuichukua."

Akasema, "Najua. Mama kaniambia."

"Na bado umekuja kuniomba?"

"Nimwombe nani mwingine, dada?"

Na mshenzi huyu akanitajia. Sikumuuliza! Alinitajia polepole kama anamfundisha mtoto. Bustani ya Mierebi, ng'ambo ya mto. Jengo la saba, mlango wa pili, ghorofa ya nne, mkono wa kushoto. Kisha akarudia. Nikamwambia nyamaza, sitaki kusikia. Lakini sikio langu mimi! Sikio hili halijawahi kuangusha kitu. Najua siku za kuzaliwa za wajukuu wa watu nisiowapenda.

Kaenda. Kaniachia ile chupa ya maji ya moto hapa, kasema nina baridi. Si baridi.

Nawaona kutoka hapa. Mama kasimama katikati, kafupi, kamshika Fulai mkono wa koti. Fulai anageuza shingo, ananitafuta. Kola kaishika na mkono mwingine. Mbona haifungi na kifungo? Kifungo kimekatika! Mwanamke gani anamtoa mtu na koti bila kifungo, mlimani, mwezi huu!

Sindano ninayo mkobani. Uzi mweusi pia.

Nikisema nirudishie, nimemaliza. Neno moja tu. Ni haki yangu, hata yule mama wa Yuanping kasema, behewa zima limekubali. Na nisiposema kitu kabisa, nikae kimya tu, ni hivyohivyo, miaka inaendelea kwenda nyumba asiyokuwamo mwenyewe. Kukaa kimya ningeweza? Mimi?

Mama anapunga kitambaa. Wamefika mlangoni. Mtawa kawasha udi wetu, naona moshi.

"Gailian! We Gailian! Udi unaisha! Njoo!"

Jengo la saba, mlango wa pili, ghorofa ya — sasa huyu Fulai mbona analia na yeye — nakuja Mama, nakuja! Mkono wa kushoto