Redio Ilikuwa Wazi

Shoga, niko chooni kazini, nimejifungia. Leo nimeumbuka mchana kweupe!

Si unajua hapa shirika la umeme nakaa chumba cha mawasiliano, nawaelekeza mafundi kwa redio palipokatika umeme? Leo kukatulia kidogo, nikaanza soga na dada wa zamu. Kumbe kiwiko changu kimekandamiza kitufe. REDIO IKO WAZI.

Na nikasema nini? "Dada, yule fundi Mrefu akipanda nguzo, moyo wangu unapanda naye. Angenitongoza hata kwa ishara ningeitikia!"

Mafundi wote wamesikia. Wote, shoga!

Bosi kaja mbio: "Binti, hii ni redio ya dharura, si ya salamu!" Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mara redio ikakoroma. Mrefu mwenyewe, yuko juu ya nguzo! "Kituo, ujumbe umefika. Ila sijausikia vizuri, naomba urudie."

URUDIE! Mafundi wakaangua kicheko redioni. Bosi kajikaza, kajikaza, mwisho kacheka mpaka machozi. "Haya mjibu, tuendelee na kazi."

Nikabonyeza, safari hii kwa kidole. "Fundi, shuka kwanza salama. Mengine nitakuambia uso kwa uso."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule, maana sasa umeniisha wote.

Kashuka, shoga. Yuko pale mapokezi, kofia ya kazi mkononi, ananiulizia. Dada wa zamu anagonga mlango wa choo, anasema nikichelewa atamchukua yeye.

Natoka. Niombee!